Tulichoma matofali ya madrasa kwa matairi, mboga za bondeni zikafa, tukamfukuza mjane asiye na kosa

Wakuu, amani iwe kwenu nyote na kwa kila mnayeishi naye chini ya paa moja.

Mimi ni mzee wa Kasongo, huku Maniema, mashariki ya Kongo. Nimefundisha watoto dini kwa miaka mingi, na humu jukwaani huwa nasoma tu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani tangu kiangazi.

Sitatia chumvi. Mengine niliyaona, na mengine, Mungu anisamehe, niliyafanya kwa mikono yangu. Majina ya watu nimeyabadilisha, ila langu mimi sina haja ya kulificha kwa wanaonijua. Wakisoma watajua ni mimi.

Chini ya mtaa wetu kuna bonde lenye kijito. Mvua zikikatika, kina mama hushuka huko kulima mboga. Wanapanda lengalenga, yaani mchicha, na maharage, nyanya, vitunguu, na kabichi ambazo sisi tunaziita shu. Kila mama ana matuta yake lakini wote ni kikundi kimoja. Mkubwa wao ni Mama Salima, mwanamke mwema, mwenye sauti inayoweza kumfikia mtu ng'ambo ya mto Lualaba.

Mmoja wa kikundi hicho alikuwa Mama Feza. Yeye ni mtu wa Wamaza, upande wa Kabambare. Mume wake alifukiwa na shimo la dhahabu, akabaki na mabinti wawili. Alikuja Kasongo akitafuta maisha, akapewa matuta mawili pembeni ya bonde. Asubuhi anakaanga maandazi barabarani, alasiri anashuka bondeni. Matuta hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba yake.

Sasa, kiangazi hicho tulikuwa tunajenga madrasa mpya kwa matofali ya kuchoma.

Desturi yetu ni kwamba tanuru la kazi ya dini haliwashwi kwa kuni za mtu mmoja. Kila nyumba inaleta kipande chake. Mwenye gogo alete gogo, mwenye mzigo wa vijiti alete vijiti, ili thawabu igawanyike kwa wote.

Lakini siku hizi kuni ziko mbali. Wanaobeba abiria kwa pikipiki hawana muda wa kwenda porini, basi wakaleta walichokuwa nacho. Matairi yaliyokwisha.

Fundi wetu wa tanuru, nimwite Ramazani, alifurahi kama mtu aliyepata urithi. Akaniambia:

"Mwalimu, tairi moja inapita magogo tatu! Tutachoma mara mbili mbele ya mvua kurudi."

Mimi nikafanya nini? Niliamini kwamba sadaka ya mtu haidharauliwi. Nikasimama mbele ya watu nikawasifu. Nikasema hawa wametoa walichonacho, na moyo ndio unaotazamwa.

Wakuu, maneno ya mzee yana nguvu kuliko anavyodhani. Baada ya wiki moja hata wasio na pikipiki walikuwa wanaleta matairi. Wengine waliyafukua kwenye mitaro. Nilimwona bibi mmoja anasukuma tairi la lori kwa fimbo, anatoka jasho, anacheka.

Siku ya kuwasha niliomba dua, kisha wakanipa kibiriti. Moto ule niliuwasha mimi.

Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, hautaki kupanda. Asubuhi za kiangazi bonde letu hujaa ukungu wa baridi, na tanuru liko juu yake kidogo tu. Moshi ulishuka, ukajilaza mle ndani mpaka jua lilipopanda. Watu walikohoa. Tukasema ni kawaida, kazi haikosi taabu.

Siku ya tatu, Mama Salima alikuja mlangoni kwangu na kina mama wenzake.

"Mwalimu, kuja uone. Mboga imeungua na moto haikupita."

Nikashuka nao. Niliyoyaona yalinifanya nivue kofia.

Majani ya maharage yalikuwa na mabaka meupe katikati ya mishipa, makavu kama karatasi, na mishipa yenyewe bado kijani. Nyanya zilikuwa zimekunja majani kuelekea chini, maua yamedondoka yote. Vitunguu vimeungua ncha. Lengalenga ya kijani, ile inayolimwa na karibu kila mtu, ilikuwa imelegea na kupauka kana kwamba mtu ameimwagia maji ya moto.

Nikasema, "Labda ni wadudu."

Mama Salima akanijibu, "Wadudu gani yenye inajua kuchagua? Angalia kwa Feza."

Nikaangalia. Kwa Mama Feza kulikuwa na tuta moja la shu na tuta moja la lengalenga nyekundu, mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao Wamaza. Ile nyekundu ilikuwa imesimama. Ilikuwa na madoa madogo ukiitazama kwa karibu, lakini ukiwa mbali uliona tuta zima katikati ya maiti.

Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Na yeye hamwagiliake asubui kama sisi. Anakuja peke yake saa ya alasiri. Juu ya nini?"

Mwingine akasema, "Iko na dawa ya kwao."

Hapa nisimame kidogo. Shu za kila mtu zilikuwa nzima. Za Mama Salima pia zilikuwa nzima, zina masizi tu juu. Hakuna aliyeziangalia. Mimi ninayefundisha watoto kutazama herufi moja moja, nami sikuziangalia.

Kesho yake tukakaa kikao. Mama Feza aliitwa. Nilitaka kuzima maneno, basi nikapendekeza aape. Kwetu kiapo si kitu cha mchezo. Nilidhani atasita kidogo, tutashauriana, mambo yatapoa.

Hakusita. Alitawadha, akaja, akaapa mbele yetu kwamba hakuweka dawa yoyote katika bonde lile, wala hajui kwa nini mboga za wenzake zimekufa.

Mnajua walisema nini? Walisema, "Umeona? Hata kiapo haogope. Basi dawa yake ni kali."

Yaani kama angesita, ana hatia. Hakusita, ana hatia zaidi. Na mimi nilisikia, na nikajua kwamba hilo si haki. Lakini nikasema, ili amani ipatikane, Mama Feza apumzike kidogo na bonde mpaka mioyo itulie.

Niliita jambo hilo subira. Wakuu, ulikuwa woga.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza, "Umemupumzisha bonde. Na tumbo ya watoto wake, hiyo nayo umeipumzisha?"

Nikamwambia aniwekee chakula. Akaweka, lakini mboga hakuweka. Akasema mboga imeisha Kasongo, labda nikaulize kwenye kikao.

Siku mbili baadaye nikasikia kwamba tuta la lengalenga nyekundu limeng'olewa lote na kuchomwa. Aliyeanza kung'oa ni Mama Salima.

Mama Feza alikuja kuniaga. Alikuwa na mzigo mmoja kichwani na mabinti wake nyuma. Alikataa kukaa.

"Nakwenda Wamaza kwa kaka yangu," akasema.

Nikamwambia, "Subiri kidogo, binti yangu, watu watasahau."

Akanitazama. "Mwalimu, mimi sikufanya kitu chenye watu wasahau."

Akaondoka.

Wiki ile ile alipita bwana mmoja, fundi wa kilimo, huku tunamwita agronomu. Alikuwa amekuja na pikipiki kwa shughuli zake za mbegu za mpunga. Nikamwomba ashuke nasi bondeni kabla hajaenda. Tukamweleza habari ya dawa.

Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akaacha kucheka, akaanza kutembea. Alitembea bonde lote, anainama, anageuza majani. Mwishoni akatuita.

"Mwalimu, hii dawa yenu inafuata upepo?"

Akatuonyesha. Mimea iliyokufa ilikuwa imejipanga kama njia, inaanzia chini ya tanuru na kufuata kijito. Nyuma ya kichaka cha migomba, ambako moshi haukuingia vizuri, maharage ya mama mmoja yalikuwa na afya. Hata magugu yenye majani laini, yasiyo na mwenyewe, yalikuwa na mabaka yale yale meupe.

"Sasa muulizeni huyo muchawi," akasema, "juu ya nini aroge mpaka magugu?"

Akatueleza kwa maneno mepesi. Jani lina matundu madogo sana, nayo ndiyo pua yake. Moshi wa tairi una salfa na sumu nyingine. Moshi huo ukikutana na umande, au na maji ya kumwagilia, unakuwa kitu cha jamii moja na maji ya betri. Sisi sote tunajua maji ya betri yakidondokea nguo yanafanya nini. Na kina mama wetu humwagilia mara tu baada ya swala ya alfajiri, saa ambayo moshi umelala bondeni na majani yamefungua pua zake.

"Na nyekundu?" nikauliza.

"Mboga haziko sawa, Mwalimu. Maharage na nyanya ni wepesi kuumia. Shu ina jani gumu lenye nta. Hata lengalenga kwa lengalenga, mbegu moja inavumilia, ingine inakufa. Kama watu na malaria. Na huyo mama tena alimwagilia alasiri. Lakini yangu ni maneno. Jaribuni wenyewe."

Wajenzi hawakukubali. Ramazani akasema, "Moshi ya kujenga nyumba ya Mungu itaua mboga? Agronomu, wewe unasali wapi?" Watu wakacheka. Nami, nikiri, moyoni nilitaka Ramazani awe sahihi. Kama ni moshi, basi kibiriti kilikuwa mkononi mwangu.

Tanuru la pili lilikuwa limeshapangwa. Basi nikafanya jaribio alilonielekeza agronomu. Nilichukua makopo ya maziwa, nikatoboa chini, nikajaza udongo wa shimo moja. Nikahamishia humo miche ya maharage, lengalenga ya kijani, shu, na lengalenga nyekundu. Hii ya mwisho niliipata kwa shida. Mche mmoja mmoja ulikuwa umeota tena pale walipong'oa.

Nusu ya makopo niliyaweka bondeni. Nusu nikayaweka nyuma ya nyumba yangu, juu, upande ambao upepo unatoka. Nikamwagilia yote mwenyewe, asubuhi, kwa kikombe kimoja.

Ramazani akawasha. Safari hii nilikataa kushika kibiriti. Nikasema macho yananiuma.

Asubuhi ya tatu nikashuka bondeni. Nilikuwa na fimbo yangu na nilikuwa peke yangu.

Maharage yalikuwa na mabaka meupe, mishipa kijani. Lengalenga ya kijani ilikuwa imelala juu ya ukingo wa kopo. Shu, masizi tu. Lengalenga nyekundu ilikuwa imesimama, ina madoa madogo kama ya surua.

Nikapanda nyumbani haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Nyuma ya nyumba, makopo yote yalikuwa mazima. Yote. Maharage yalikuwa yameongeza jani.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Mke wangu alitoka, akaona makopo, akaniona mimi. Aliniletea maji tu.

Wakuu, nimezika wazazi, nimezika watoto wawili, nimepitia vita. Sijawahi kushtuka vile. Kwa sababu yale mengine yalinijia. Hili nililituma mimi kwa watu wengine, na nikaliombea dua.

Nikaenda kwa Ramazani nikamwambia azime.

"Mwalimu, hii haiko taa. Tumeshaziba na udongo. Ukifungua sasa, matofali yote inapasuka. Acha imalize."

Basi nikakaa siku mbili zaidi nikitazama moshi ninaoujua unashuka bondeni. Kina mama niliwaambia wasimwagilie asubuhi, wavune kile kinachovunika. Waliokoa kidogo.

Na kitu kingine kinachonishtua mpaka leo. Matofali yalitoka mazuri. Mekundu, magumu, yanalia kama kengele ukiyagonga.

Ijumaa nikasimama mbele ya waumini. Nikasema kila kitu. Makopo niliyaweka mezani, watu wakapita wakaona. Nikasema Mama Feza hana kosa, na aliyekosa ni mimi, niliyeona kiapo chake na nikaacha afukuzwe. Ramazani alilia. Nilishukuru kwa kilio kile, nikadhani kazi imekwisha.

Nikapanda pikipiki kwenda kumtafuta Mama Feza. Barabara ya Kabambare wanaoijua wanaijua. Mara mbili tulishuka tukasukuma, mara moja tulivuka mto pikipiki ikiwa begani mwa watu. Mgongo wangu bado unakumbuka. Nilipumzika Kabambare kwa jamaa, asubuhi nikaendelea hadi Wamaza.

Nilimkuta analima kwa kaka yake. Alinipa kiti na maji, kwa heshima yote. Nikamweleza, nikaomba radhi, nikamwambia nimetangaza Ijumaa mbele ya watu.

Akauliza, "Watu gani?"

"Waumini. Msikiti ulijaa."

"Wanaume."

Nikaweka kikombe cha maji chini.

"Mwalimu, ni wanaume ndio walinitoa mu bonde? Ni wanaume waling'oa mboga yangu? Wewe ulisema mahali kwenye wewe unajisikiaka vizuri kusema. Rudia. Useme kule bondeni, mbele ya wale wamama, na Mama Salima akiwa amesimama. Ndipo utume mutu aniambie walijibu nini."

Kaka yake alitaka kumkemea kwa kunisemesha hivyo. Nikamzuia. Alikuwa ananifundisha, na kwa upole kuliko nilivyostahili.

Nikarudi. Nikashuka bondeni na makopo yangu, nikasimama katikati ya matuta yaliyokufa, nikasema yote tena. Safari hii nilitaja neno kwa neno kile kila mmoja wetu alichosema siku ile, nikianza na maneno yangu.

Wengi walitazama chini. Mmoja akajaribu kusema, "Lakini hata yeye alikuwa anakuja peke yake." Mama Salima akamgeukia.

"Nyamaza! Alikuwa anakaanga maandazi yenye wewe ulikula kwa deni."

Kisha akaniambia, "Mwalimu, usitume mutu. Mimi ndiye niling'oa. Nitakwenda."

Akaenda kweli, na wenzake wawili, kila mmoja na jembe lake. Walikaa Wamaza siku nne, wakamlimia Mama Feza shamba jipya. Siku ya kwanza hakuwasemesha. Siku ya pili aliwapikia. Siku ya nne Mama Salima alimwomba arudi Kasongo, matuta yake yanamngoja, tena matuta mazuri ya katikati.

Alijibu hivi, na Mama Salima alinirudishia maneno yote huku anafuta macho:

"Mwambie Mwalimu nimesikia, na nimesamehe. Jina langu likae Kasongo, lisafishwe. Mimi nitakaa hapa."

Basi. Hayo ndiyo yaliyotokea. Nilitamani mwisho mwingine, lakini namshukuru Mungu kwa huu, maana sikustahili hata kiti na maji.

Nilichojifunza ni kidogo, na ni kwa gharama ya mtu mwingine. Kabla ya kumtazama mwenzako kwa nini mboga yake imepona, tazama juu, uone moshi unatoka wapi. Na ukiwa mtu ambaye maneno yake yanasikilizwa, usijifiche nyuma ya neno amani.

Matairi tumeyapiga marufuku. Kina mama wanamwagilia alasiri, na wameweka shu upande unaoelekea tanuru.

Lakini madrasa imefika madirishani, na bado tunahitaji tanuru moja. Kuni hakuna. Huku mpunga ni mwingi, na pumba zake zimelala malundo kwenye mashine za kukoboa. Nimesikia kuna wanaochoma matofali kwa pumba. Mwenye kujua anieleze. Zinapangwaje, moto unachukua siku ngapi, na moshi wake je, mboga zinauvumilia? Nataka safari hii niulize kabla ya kuwasha.

Na anayetaka kunigombeza, anigombeze pia. Nasoma kila mnachoandika, polepole, kwa miwani.